Nilimwambia Kisichouma Si Kitu

Nianze na kosa lenyewe, kusudi usinihurumie mapema. Nilimdanganya mwanamke aliyenipenda kama mdogo wake wa tumbo moja, na uongo wangu ukampotezea miezi minane ambayo alikuwa anaihitaji kuliko kitu chochote. Hakuna aliyenituma. Ni mimi.

Nina miaka arobaini na mmoja. Ni fundi wa nguo za wanawake hapa Lubumbashi, katika atelye ndogo ya Kamalondo: chumba kimoja chenye mlango wa barabarani, mashine mbili za kushona, meza ya kukatia, na pembe yenye pazia ambapo wateja wanajaribu nguo zao. Mashine ya pili ilikuwa ya Yaya Bea. Namwita Yaya, dada mkubwa, ingawa hatukuzaliwa pamoja. Ananizidi miaka kumi na miwili, ni mjane, na ndiye aliyenifundisha kukata shingo ya blauzi bila kuharibu kitambaa. Tulishona pamoja miaka kumi na moja, mgongo kwa mgongo.

Mume wangu aliondoka zamani. Binti yangu ameolewa Kolwezi. Jioni nilikuwa narudi Makomeno, kwenye vyumba vyangu viwili, napika bukari, ugali wetu, ya mtu mmoja. Ukikaa peke yako muda mrefu, unaanza kujiangalia sana katika kioo.

Kazi yangu ni kupima vifua vya wengine. Cha kwangu kilikwisha nilipomwachisha mtoto ziwa, kikabaki ngozi. Kila blauzi niliyojishonea niliiwekea sponji ndani. Miaka ikapita, nikachoka na sponji. Nilitaka nivae nguo niliyoishona mwenyewe na nguo ijae. Hakuna mwanaume aliyenisema, hakuna aliyeniomba. Ilikuwa hamu yangu tu, na mpaka leo siioni kama dhambi.

Ubaya ni kwamba niliona aibu. Katika kanisa letu, mwanamke wa umri wangu akisema anakwenda kuongezwa matiti, watamsema mpaka Pasaka nyingine. Basi nikajificha. Nilipata kliniki ng'ambo ya mpaka, nikahitaji wiki tatu za kutoonekana.

Asubuhi moja, Yaya Bea akiwa anapitisha uzi kwenye sindano, nikamwambia munganga, yaani daktari wa hospitali, ameona kitu ndani ya titi langu na ninakwenda kupasuliwa. Nilichagua uongo uliokaa karibu na ukweli, ili kovu likionekana liwe na maelezo.

Aliacha uzi. Akaenda kufunga mlango wa barabarani mchana kweupe, mteja akiwa anakuja. Akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mudogo yangu, utapona. Mungu hawezi kukutupa. Miye niko. Kazi yako yote nitaishona, usiwaze kitu."

Wanawake wa kikundi cha maombi walifunga siku tatu kwa ajili yangu. Siku ya safari Yaya Bea alinisindikiza, akanipa mayai ya kuchemsha na kikwembe chake cha kujifunikia. Nilisita kukichukua kile kitenge. Nikakichukua.

Daktari wa huko sina la kumlaumu. Aliniambia kifua changu ni chembamba na ngozi yangu nyepesi, nichukue ukubwa wa kadiri. Alinieleza pia kwamba mwili wakati mwingine unajenga ganda gumu kuizunguka ile mifuko ya silikoni, na kwamba mifuko yenyewe si ya maisha, huenda siku moja nikalazimika kurudi mezani. Niliitikia kwa kichwa kama wateja wangu wanavyoitikia ninapowaeleza kitambaa kitajikunja, huku macho yao yako kwenye rangi. Nikachagua kubwa.

Baada ya hapo nililala siku nyingi katika chumba cha kupanga, nimefungwa bandeji, sijui jina la mtu hata mmoja katika nyumba ile. Kunywa maji tu ilikuwa kazi. Mtu pekee aliyenipigia simu kila siku ni Yaya Bea. Akinisikia nalia kwa maumivu, alidhani naogopa kufa.

"Jikaze, mutoto wa mama. Banatoa yote?"

"Yote, Yaya."

"Mungu asifiwe."

Nilirudi nimevaa magauni mapana. Alikuja kwangu na bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaniletea na kitu ndani ya mfuko mweusi. Ilikuwa sidiria aliyoishona mwenyewe, pamba laini, upande mmoja ameujaza kidogo, kwa sababu alifikiri wamenikata na nimebaki na pengo.

"Sikukuuliza," akasema, akiangalia chini. "Kipimo chako nakijua."

Niliingia chumbani eti naijaribu, nikakaa kitandani. Ndiyo ilikuwa saa ya kusema. Nilitoka nikasema aksanti.

Miezi ya kwanza nilifurahi, nisikudanganye na wewe. Lakini ilikuwa furaha ya ajabu. Nilikuwa nalivaa gauni langu jipya chumbani, mlango umefungwa, nageuka mbele ya kioo, halafu nalivua. Huko nje nilikuwa mgonjwa aliyepona. Mgonjwa haongezeki kifua.

Kisha upande wa kushoto ukaanza kukaza. Kwanza kama unga uliokandwa, baadaye kama kiazi kibichi. Ukapanda juu kuelekea mfupa wa shingo, na ule wa kulia ukashuka. Nilikuwa na vifua vya wanawake wawili tofauti. Nikishinda kwenye mashine, mkono wa kushoto unauma mpaka begani. Nikirudi nyumbani sina wa kumwambia, kwa sababu kila mtu aliyeweza kunisikiliza nilikuwa nimemdanganya.

Nilikuwa katika hali hiyo alasiri Yaya Bea aliponiita nyuma ya pazia. Nilifikiri nguo ya mteja imepasuka. Alikuwa amefungua vifungo viwili vya juu.

"Na miye niko nasikia kitu huku, karibu na kwapa. Ya kwako ilianzaka namna gani?"

Nikasema ilianza polepole.

"Ilikuwaka inauma?"

Nilikuwa na maumivu saa ileile, begani mpaka ubavuni. Nikajibu kutoka humo. Nikasema ndiyo, iliuma sana.

"Yangu haiumi hata. Nabonyeza, haiumi."

"Basi yako si kitu, Yaya. Kisichouma si kitu. Ni mambo ya umri."

"Lakini ungenipeleka kwa munganga wako aangalie tu?"

Hapo ndipo niliogopa. Hapakuwa na munganga. Kama tungeingia hospitali pamoja, neno moja lingevuta lingine mpaka nguo yote ifumuke. Nikamwambia asijitie hofu bure, akande kwa maji ya moto, angoje. Akafunga vifungo vyake. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Aksanti, mudogo yangu. Nilikuwa sikulie muzuri."

Alikuwa na maana kwamba hofu ilimnyima chakula. Siku ile alikula vizuri. Nilimwona akila.

Hakuniuliza tena. Miezi ikaenda, nguo za Krismasi, nguo za Pasaka. Mimi nilishughulika na jiwe langu. Sikuwahi kumuuliza hata mara moja kama kile kitu bado kipo, na nadhani sikuuliza kwa sababu nilijua kipo.

Mkwe wake, mke wa mwanawe, ndiye aliyeona. Alikuwa anamsaidia kufunga zipu ya gauni la kwendea arusi ya watu, akaona ngozi ya titi imevutika ndani, na chini ya kwapa pana kitu kama njegere. Hakuuliza mtu. Kesho yake akampeleka hospitali. Wakamkata kipande kidogo cha kupima, wakamwambia arudi na mtu wa kumsikilizia majibu.

Akanichagua mimi. Alimkatalia mkwe wake. "Huyu anaijua njia," akasema.

Tulikaa kwenye benchi la ukorido, asubuhi, watu wengi. Alikuwa amevaa vizuri kama wa kwenda kanisani. Alinishika mkono, akamgeukia mwanamke aliyekuwa kando yetu, mgeni kabisa, akamwambia: "Muangalie uyu. Alipitaka mu ile ugonjwa, na leo iko muzima." Yule mwanamke akanitazama kama mtu anayetazama dawa.

Sikuweza tena. Nilimwinamia sikioni nikamwambia yote. Kwamba sikuwa na ugonjwa. Kwamba nilikwenda kuongezwa matiti. Nilisema haraka haraka, nikiogopa wamwite kabla sijamaliza.

Hakuutoa mkono wake mara moja.

"Basi siku niliyokuuliza kama inauma..."

"Sikuwa najua, Yaya."

"Ungesema tu, sijue. Ningeenda kuuliza kwa bengine."

Wakaita jina lake. Nikasimama naye. Akaniambia, "Ikala," yaani kaa, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaambia wateja wakati nguo yao bado. Akaingia peke yake.

Titi walilitoa lote. Daktari alimwambia mkwe wake kwamba kama angekuja mapema, ingekuwa safari fupi zaidi. Sasa amemaliza dawa zile za kuangusha nywele, na wanangoja kuona. Mashine yake alikuja kuichukua mwanawe na mkokoteni, akaipeleka Annexe, pembeni ya mji, kwa kaka wa Yaya Bea mwenye shamba la mahindi, ambako Yaya alikuwa amehamia. Mimi nilimsaidia kuinyanyua.

Nilingoja aibu inifuate mjini. Haikuja. Yaya Bea hakumwambia mtu, hata mkwe wake. Wanawake wa kikundi waliendelea kunisalimia kama aliyeshinda kifo, na Jumapili moja mke wa mchungaji akaniomba nisimame nitoe ushuhuda, kuwapa moyo wengine. Nilisimama. Nikasema sikuwa mgonjwa, nikasema nilikwenda kufanya nini, nikasema nilimwambia Yaya Bea nini nyuma ya pazia.

Ibada ikaisha. Nilitoka nje nao, hakuna aliyetembea upande wangu. Binti mmoja tu ndiye aliyenifikia barabarani, mnyonge, akauliza, "Mama, na kama haiumi, niende?" Nikamwambia aende kesho asubuhi. Sijui kama alikwenda. Hajarudi kanisani.

Sasa ni zamu ya mwili wangu. Nimemwona daktari wa upasuaji hapa mjini. Ameniambia naweza kutoa ganda na kuweka mifuko mingine midogo, au kutoa vyote na kubaki na ngozi iliyolegea na makovu, na kwamba njia yoyote nitakayochukua hawezi kuniahidi uzuri. Safari hii nilisikiliza mpaka mwisho, nikauliza maswali. Nimeamua kutoa, bila kurudisha kitu. Nataka niweze kulala upande wa kushoto.

Mwishoni muuguzi alinipa karatasi ya kujaza. Jina, umri, mahali pa kuzaliwa. Halafu mtu wa kuitwa kama kuna tatizo. Binti yangu ana mtoto mchanga na hajui lolote kati ya haya. Nilikaa na kalamu mpaka muuguzi akaniambia nitaleta siku nyingine.

Wiki iliyopita nilikwenda Annexe. Yaya Bea alikuwa amekaa mlangoni, amefunga kitambaa kichwani, anapukuchua mahindi. Alinijibu salamu. Nikakaa chini mbali kidogo, nikamwambia nitapasuliwa tena, na kwamba sikuja kuomba kitu, nimekuja aisikie kwangu.

"Nani atakusindikiza?"

"Hakuna."

Alimaliza gunzi moja, akachukua jingine.

"Siku gani?"

"Bado sijachagua."

"Ukichagua, usiniambie," akasema bila kuinua uso. "Nitaanza tena kukuombea."

Nikaaga, nikarudi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, ukitaka kubadili mwili wako, ni wako. Lakini uliza mpaka uelewe, usichukue kubwa kwa sababu ya kioo, na mwambie ukweli angalau mtu mmoja kabla ya kwenda, maana utakaporudi na jambo limeharibika utamhitaji. Ugonjwa wa watu usiuvae kama nguo ya kuazima. Yuko mwenye nao kweli, naye atakuja kukuuliza njia.

Na kama umegusa kitu katika titi lako, na hakiumi, usitulie kwa sababu hakiumi. Usimuulize jirani, usimuulize fundi wako wa nguo. Usiniulize mimi. Nenda hospitali.