Bunduki Fupi ya Kuwindia Elki

Siku mume wangu aliponiambia kwamba Jumamosi tutakwenda kutazama bunduki, nilikuwa nasafisha samaki jikoni kwetu Stechford, mtaa wa Birmingham, na kisu kikaniponyoka mkononi. Si kwamba sikujua. Tulikuwa tukilizungumza jambo hilo tangu alipopata kazi Kanada, kwenye kiwanda cha mbao milimani huko, mbali na kila mji. Lakini nilikuwa nikimsikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za mvua ya nchi nyingine.

Nilikuwa msichana Unguja ile Januari ya Mapinduzi. Mimi na mama tulijificha chini ya kitanda, tukawasikia watu wenye silaha barazani wakivuta vyuma vya bunduki zao, kwa-cha, kwa-cha. Walimchukua baba na mjomba. Baba alirudi baadaye, amekonda na hasemi. Mjomba hakurudi. Tangu hapo hata fundi bomba akigonga spana yake chini, moyo wangu ulikwenda mbio.

Mume wangu aliyajua yote hayo. Wala hakuwa mtu wa kupenda silaha. Alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha magari, mtu mpole, anayeogopa hata kuua buibui. Haja yake ilikuwa nyama. Huko tuendako hakukuwa na mchinjaji Mwislamu, si karibu wala mbali. Watu wa huko, aliambiwa, hula elki majira yote ya baridi: mnyama wa jamii ya kulungu, ila mkubwa kama ng'ombe, mwenye pembe kama matawi ya mti uliopukutika. Akamwuliza mzee mmoja msikitini, naye akamjibu kwamba mwenye kufyatua risasi huku akilitaja jina la Mungu, windo lake ni halali.

"Basi winda wewe," nikamwambia.

"Mimi nitakuwa kambini wiki nzima, nirudi Jumapili. Wewe ndiye utakayebaki nyumbani na watoto. Na huko kuna dubu, mke wangu."

La dubu angelinyamazia tu. Wiki ile sikulala vizuri.

Duka lilikuwa katika mtaa wa mafundi bunduki, karibu na hospitali kongwe ya mjini. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiingereza, mrefu, miwani inamning'inia kifuani kwa kamba, na maneno yake akiyavuta kama watu wa Birmingham wanavyoyavuta. Ukutani bunduki zilisimama safu kwa safu. Nikasimama karibu na mlango, mkoba nimeukumbatia.

Mume wangu alikuwa amejiandaa. Akaomba bunduki ya risasi kubwa kuliko zote, kwa kuwa mnyama ni mkubwa.

"Nani ataipiga?" mzee akauliza.

"Mimi. Na mke wangu."

Mzee akanitazama, mimi ambaye sikufika begani kwa mume wangu. Akaniomba ninyooshe mkono. Akaupima kwa macho, kuanzia kiwiko hadi kidole cha shahada, kama fundi cherehani. Kisha akateremsha bunduki moja ndogo, mtutu wake mfupi, kitako chake cha mbao nyeusi. Akashika mpini mdogo wa chuma ubavuni, akaunyanyua, akauvuta nyuma.

Kwa-cha.

Sijui nilitokaje. Nilijikuta nje mvuani, nimeegemea ukuta, na mama mmoja aliyekuwa akipita akaniuliza kama nahitaji daktari. Mume wangu akatoka, akasimama pembeni yangu bila kunigusa.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka," akasema polepole. "Twende zetu nyumbani. Tutakula samaki wa kopo."

Nadhani lau angenishurutisha, nisingerudi ndani maisha yangu yote. Lakini alivyosema vile, kwa huruma, nikawaona wanangu katika nyumba ya mbao, theluji dirishani, na mimi chini ya kitanda. Nikarudi ndani.

 Mzee alikichomoa kile chuma cha ubavuni, akakiweka juu ya kitambaa mbele yangu, peke yake, mbali na bunduki. "Hiki kinaitwa bolti," akasema. "Ukilitoa, bunduki yote ni gongo tu. Lishike." Lilikuwa zito na baridi. Sisi tungeliita komeo, maana linasukumwa na kufungwa kama komeo la mlango. Akanifundisha kulitoa na kulirudisha, na kila liliposema kwa-cha nilifumba macho. Lakini sasa ni mkono wangu ndio uliolisemesha.

Halafu akatueleza habari za risasi, akizisimamisha mezani moja moja. Ile kubwa aliyoitaka mume wangu ilikuwa ndefu kama kidole changu cha kati. Katika mtutu mfupi, mzee akasema, baruti nyingi namna ile haipati nafasi ya kuungua yote. Inatoka mdomoni kama moto na kishindo, na anayeumia ni mpigaji. Ya pili ilikuwa fupi na nene, wanajeshi wanaijua. Ya tatu ilikuwa ya kizamani, ya milimita saba, kichwa chake kirefu na kizito.

"Itamwangusha mnyama mkubwa kama ng'ombe?" mume wangu akauliza, hajaridhika.

"Ikipigwa karibu, na ikaingia nyuma ya bega, itapenya hadi moyoni. Elki haangushwi na kelele, bwana. Na mpigaji aliyefumba macho hapati kitu, hata akiwa na mzinga."

"Ipi isiyopiga kelele?" nikauliza.

Akacheka kidogo. "Hakuna, bibi. Iko inayopiga kelele kidogo kuliko nyingine."

Ulikuwa msimu wa baridi ule baada ya mabomu kulipuka katika baa za mjini na kuua watu. Watu walikuwa wakitazamana mifuko. Polisi alikuja kwetu kabla ya kutoa kibali cha bunduki, akakaa kwenye kochi letu, akauliza mara tatu kwa nini familia ya Stechford inataka kuua elki.  Mwishowe alikubali.

Kujaribu tulijaribia kwenye kiwanja cha shabaha nje ya mji wa Sutton Coldfield, mzee alikotupeleka kwa gari lake pamoja na bunduki tatu fupi, kila moja na risasi yake. Mume wangu akaanza na ile kubwa. Moto ulitoka mdomoni mwa bunduki, nami nikaanguka kwenye matope kwa woga, ingawa nilikuwa nimesimama nyuma kabisa. Mume wangu, aliyekuwa amelala kifudifudi kupiga, aliinuka ameshika bega, na hakuitaja tena risasi ile. Ya wanajeshi niliipiga mara moja, nikalia. Ya milimita saba nikaipiga nikiwa nalia bado. Ilinisukuma begani kama mtu anayenipisha mlangoni. Nikapiga tena. Mara ya pili ile sikufumba macho, nikaiona karatasi ya shabaha ikitoboka.

"Hii," nikasema.

Tukarudi kwa treni, mzee akiwa na miadi kwingine. Mume wangu alibeba bunduki tuliyoinunua katika mfuko wa turubai. Komeo lilikuwa mkobani mwangu, limefungwa leso. Katika stesheni ya New Street, tulipokuwa tukingoja treni ya Stechford, mwanamke mmoja alinong'ona na mlinzi wa stesheni, na punde wakaja polisi wawili, vijana, nyuso zimewapauka.

"Weka mfuko chini! Mikono juu!"

Watu wakarudi nyuma, jukwaa likawa tupu kutuzunguka. Mume wangu akainua mikono, midomo ikimcheza bila sauti. Alikuwa na kibali mfukoni, lakini hakuthubutu hata kukitaja. Nikafikiri: watampiga risasi mbele yangu. Nilisikia mkojo ukinitoka kidogo, na sioni aibu kulisema.

"Haiwezi kupiga," nikasema kwa Kiingereza, sauti si yangu. "Komeo lake ninalo mimi, mkobani. Njoo ulitoe mwenyewe."

Kijana mmoja akaja, akaingiza mkono mkobani taratibu, akaifungua leso. Akaligeuza lile komeo huku na huku.  Wakakisoma kibali, wakatuachia, na mmoja akasema samahani, bibi.

Nyumbani nilitapika. Mume wangu akapika chai, akaketi sakafuni karibu na miguu yangu, naye akalia.

Baada ya siku ile tuliirudisha bunduki, ikakaa dukani kwa mzee hadi siku ya kusafiri. Vuli yetu ya pili kule milimani, elki jike alitoka msituni asubuhi akaja hadi kwenye uzio. Nililitaja jina la Mungu, nikampiga kwa karibu, nyuma ya bega. Alitembea kidogo kisha akapiga magoti. Nilikaa kwenye theluji mpaka jirani akaja na kisu na msumeno, akaniuliza aanzie wapi. Nikamwambia aniachie shingo, niikate mwenyewe. Nyama ilitutosha mpaka barafu ilipoyeyuka. Niliwinda miaka mingi baada ya hapo, na hakuna siku niliyotoka nyumbani na ile bunduki bila kuogopa.