Nadjma na Kazi ya Alasiri

Mwaka 1979 Nadjma Attoumane alikuwa na miaka kumi na minane, yuko darasa la mwisho la sekondari mjini Mahajanga, na hajawahi kulipwa na mtu kwa kazi yoyote. Aliishi na mama yake, Zalifa, katika chumba cha kupanga mtaa wa Tsaramandroso. Mama alikuwa akishona nguo za watu, lakini macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na mara nyingine Nadjma ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano kabla ya kwenda shule.

Siku moja akaona tangazo kwenye mlango wa ofisi ya wakala wa vyombo vya baharini: anatakiwa mwandishi wa saa za alasiri, ajuaye Kifaransa, mwenye hati nzuri ya mkono. Hati alikuwa nayo, na Kifaransa pia. Kilichomtia hofu ni jina.

Baba yake alikuwa Mngazija, mnyapara wa makuli bandarini. Walikuwa wakikaa mtaa wa Mangarivotra, mpaka zile siku za Desemba 1976 Wangazija walipouawa mitaani na nyumba zao zikachomwa moto. Attoumane alipakiwa melini pamoja na maelfu ya wenzake waliorudishwa Komoro, hakupata hata nafasi ya kuagana na mkewe. Zalifa, ambaye kwao ni kisiwa cha Nosy Be, alikimbilia huko na binti yake kwa mdogo wake Oumi. Mara tatu aliandika barua kijijini kwa mumewe, asipate jibu. Posta ya kule ilikuwa imevurugika, na yeye hakujua alaumu posta au amlaumu mtu. Mwaka wa pili wakarudi Mahajanga kwa ajili ya masomo ya Nadjma.

“Usiandike Attoumane,” mama alimwambia usiku wa kuandika ombi. “Andika jina la bibi yako.”

Nadjma akaandika Soazara peke yake, jina la Kimalagasi lisilomshtua mtu.

Mwenye ofisi aliitwa Zoubeir, mtu mzima wa ukoo wa zamani wa Waislamu wafanyabiashara wa pwani. Pepo za bahari na sehemu za chombo alizitaja kwa maneno ya Kiswahili aliyorithi kwa babu zake. Mengine yote aliyasema kwa Kimalagasi. Alisoma barua ya Nadjma, akavua miwani.

“Umeshafanya kazi wapi?”

“Bado, bwana.”

“Hata ya kumsaidia mtu?”

Alikuwa nayo. Tangu ana miaka kumi na miwili, kila Jumamosi alikuwa akikaa sakafuni na baba yake, baba akitaja majina ya makuli wa juma lile, yeye akiyaandika. Baba alipenda kumsifu kwamba hajaruka jina hata moja. Lakini angelisemaje hilo bila kumtaja baba?

“Hata ya kumsaidia mtu,” akajibu.

“Ripoti za shule umekuja nazo?”

“Nimezisahau nyumbani.”

Zilikuwa kwenye mkoba uliokuwa mapajani mwake, jina la baba kila ukurasa.

Zoubeir alimtazama kidogo, kisha akampa orodha ya mizigo iliyoandikwa ovyo ovyo, akamwambia ainakili. Vanila, karafuu, sabuni, mabati. Alipomaliza, mzee aliinyanyua ile karatasi akaisoma polepole. “Uje kesho saa tisa,” akasema.

Akaizoea kazi. Alitoka shule, akala mhogo njiani, akaingia ofisini kumpokea zamu Jaotombo, mwandishi wa asubuhi. Mama alipunguza kushona. Pale ofisini wote walimwita Soazara, na baada ya mwezi aliitika bila kusita.

Mwezi wa nne wa kazi ile, alasiri moja, Jaotombo alikuwa akikusanya vitu vyake aondoke.

“Leo amekuja baharia mmoja Mngazija,” akasema. “Anamtafuta Nadjma Attoumane. Ati jirani mmoja wa Mangarivotra amemwambia anafanya kazi hapa. Nikamwambia mwandishi wa kike tuliye naye ni Soazara tu.”

Nadjma alimzuia mlangoni. “Amekwenda wapi?”

“Aliulizia chombo cha Nosy Be, ati ndiko kwao mama wa huyo binti. Kiliondoka saa sita.”

Aliingia kwa Zoubeir bila kubisha hodi, akamweleza yote akiwa amesimama. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

“Attoumane mnyapara?” akauliza. “Yule mrefu?”

“Ndiye.”

“Nimefanya naye kazi miaka minane. Ungeniambia siku ile, binti. Ningekupa kazi kabla hujakaa kitini.”

Akamwandika katika chombo cha kwanza kuondoka, lakini hicho nacho kilikuwa cha siku tatu mbele.

Nadjma alipofika Nosy Be, mama yake mdogo Oumi alimpokea mlangoni, na kabla ya salamu kwisha akajua amechelewa. Baharia yule, Mroivili, alikuwa amelala pale usiku mmoja, kisha akavuka bahari kwenda bara, Ankify, ili apande gari kwenda Diego, ambako meli yake ilikuwa ikipakia. Alikuwa ameacha barua.

Ilikuwa ya baba, kwa herufi za Kiarabu, mistari ikipanda na kushuka. Alisema hakurudi kijijini. Aliona haya kufika kwao mikono mitupu, akabaki Moroni kwenye chumba cha uani kwa mama mmoja aitwaye Ansoifa. Barua zake zote alikuwa akizipeleka Mangarivotra. Sasa kifua kinamsumbua, wala haamki kila siku. Alitaka neno moja tu kwao, ajue kama wako hai na kama Nadjma bado anasoma.

Nadjma alikimbilia posta akapeleka simu ya maandishi: wako hai, anasoma, atakuja. Majibu yalifika siku ya tano kutoka kwa Ansoifa. Attoumane alikuwa amefariki, na tarehe iliyoandikwa ilikuwa siku mbili baada ya Mroivili kusimama mbele ya meza ya Jaotombo.

Alirudi Mahajanga na karatasi mbili, ile barua na ile simu. Mama alisomewa zote, kisha akaondoa nguo za watu kwenye cherehani akazikunja, akaanza eda.

“Mimi ndiye niliyekuambia uandike jina la bibi,” alisema siku ya tatu.

“Mkono ulioandika ni wangu, mama.”

Hawakulizungumza tena. Mtihani wa mwisho Nadjma aliufanya ndani ya eda ile, akashindwa. Mwaka uliofuata akaurudia akapita. Zoubeir alimpa kazi ya kutwa, na akabaki naye miaka mingi.

Mwaka 1984 alipata safari ya Moroni. Ansoifa, mwanamke mnene mwenye kusema polepole, alimpeleka kaburini, kisha akampikia wali. Nadjma alimwuliza baba alikuwa akisema nini juu yao.

Ansoifa alifikiri. “Nisikudanganye, mwanangu. Alikuwa mpangaji mkimya. Analipa, anaswali, anafunga mlango wake. Mimi hata sikujua ana binti mpaka siku aliyoomba karatasi ya barua.”

Alipofika nyumbani, mama alimkalisha, akamwuliza swali lile lile.

“Alikutaja kila siku,” Nadjma alisema. “Mpaka watu wa uani walilijua jina lako.”

Zalifa alitikisa kichwa kidogo kukubali. “Ndivyo alivyokuwa,” akasema, akanyoosha mkono kutafuta kanga yake.