Samaki Waliopanda Rika Kitengela

Nimechunga ng'ombe, nimechunga mbuzi, nimechunga punda wa watu, na mwisho wa yote nikachunga samaki. Watu wa Kiserian nikiwaambia hivyo hushika mbavu. Lakini ni kweli. Samaki watatu wa baharini, hapa hapa Kitengela, miaka ya tisini ikielekea mwisho, na walinitia taabuni kuliko ng'ombe wote niliowahi kuwafuata.

Nilikuwa soja wa mlangoni kwa hoteli moja ya nyama choma. Mwenye hoteli alikuwa mama mmoja wa kutoka Central, mtu wa kazi, ambaye pia alikuwa na ofisi ya kutoa mizigo kule mpakani Namanga. Bucha ya mbele ilikuwa ya mtu wa kaskazini mashariki, mrefu, mpole, ambaye angemjua ng'ombe hata ukimwonyesha kwato peke yake. Alikuwa na paka. Mkumbuke huyo paka.

Mama alienda harusi Mombasa akarudi na wazo: wateja wale nyama huku wakitazama bahari. Akanunua tangi la kioo, pampu ya kupuliza hewa, mchanga, na samaki watatu wa kwenye miamba. Maji ya bahari yaliletwa kwa mitungi na lori za kwenda Namanga. Siku moja mitungi ilichelewa nikamwambia, "Mama, si tuko na ziwa la Magadi hapo chini? Nikishika barabara ya Oltepesi, kesho niko hapa na gunia la chumvi."

Akaniangalia. "Mzee, magadi ni ya kulainisha githeri. Unataka kuwachemsha?"

Mimi nilidhani chumvi ni chumvi. Shule nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Nilitumwa kutafuta ndama, ndama akaonekana, mimi ndiye sikuonekana tena darasani.

Nirudi kwa samaki. Kulikuwa na dume, mkubwa, rangi ya kijani iliyokolea, na mkanda wa kijani kibichi nyuma ya shavu. Jike alikuwa wa rangi ya udongo. Halafu mtoto, mwekundu kama shuka ya moran, na madoa makubwa meupe mgongoni. Huyo mtoto ndiye mama alimpenda. Wateja walisogeza viti karibu naye, wakaagiza mbavu nyingine.

Tabia zao zilinishangaza. Mkia hawautumii sana, wanapiga mapezi ya ubavuni kama mtu anayepepea jiko kwa mikono miwili. Midomo minene, na meno ya mbele yametokeza kana kwamba wanataka kukuambia jambo. Na jua likishuka wanajizika mchangani, mwili wote, kimya. Siku ya kwanza nilidhani wametoroka. Nikazunguka tangi lile nikitafuta mahali walipotobolea.

Kwa mazoea yangu niliwatafutia alama. Mfugaji hapokei mnyama bila kumsoma. Nikaona jike ana pengo kwenye kifuniko cha shavu la kushoto, kama sikio lililokatwa kwa kisu. Nikamwita mama. "Huyu tayari ako na alama ya boma la watu."

Akacheka. "Samaki na masikio wapi na wapi, mzee!"

Basi mama akaenda Namanga, kazi ikamshika huko zaidi ya miezi miwili. Tangi akaniachia mimi, na neno moja: kifuniko kisiachwe wazi, hawa wanaruka.

Nitasema ukweli, nimezeeka, sina cha kuficha. Asubuhi moja nilikuwa nawalisha, nikasikia watu wakigombana getini juu ya mbuzi. Nikaenda kuamua. Kifuniko nikakiacha. Niliporudi dume alikuwa sakafuni, yaani nusu yake. Nusu nyingine ilikuwa inalamba miguu yake mlangoni mwa bucha.

Sikumwambia mtu yeyote. Nilijipangia kuomba msamaha mama akirudi, kila siku nikitengeneza maneno upya. Lakini wiki zikipita nikaona ajabu. Jike akaanza kutembea kifua mbele, akimfukuza mtoto huku na huku kama mwenye nyumba. Rangi ya udongo ikamtoka. Akawa kijani. Na siku moja nikaona mkanda umetokea nyuma ya shavu, ule ule wa marehemu. Mtoto naye wekundu ukafifia, madoa yakafutika, akabaki rangi ya udongo kama jike alivyokuwa.

Nikajiambia, Mungu amenifunikia. Dume yuko. Nitanyamaza.

Mama akarudi, akaenda moja kwa moja kwa tangi hata chai hajanywa. Akahesabu.

"Dume yuko. Jike yuko. Mtoto wangu mwekundu yuko wapi?"

Nikanyamaza vile nilivyojiahidi.

"Mzee, umemuuza nani?"

Hapo ndipo nilipojua nimejifungia kwenye boma langu mwenyewe. Nikinyamaza, mimi ni mwizi, na mwizi hapati lindo tena Kitengela wala Kajiado yote. Nikisema, dume aliuawa na uzembe wangu. Na huo ukweli wenyewe nani angeuamini? Ulikuwa unanuka uongo kuliko uongo.

"Mama," nikasema, "mtoto wako ni huyo jike. Jike wako ni huyo dume. Dume wako alikuwa ndani ya paka."

Hoteli nzima ikageuka kututazama. Halafu jamaa mmoja akasema kutoka kona, "Mzee leo ameanza mapema!" Wakacheka wote isipokuwa mama.

"Kabla ya jioni utoke kwa geti langu," akasema.

Mwenye bucha alikuwa amesimama mlangoni na kisu chake. "Mama, ngoja," akasema. "Ng'ombe akigombaniwa, mwenyewe anasema alama kabla ya boma kufunguliwa. Walahi, hata samaki ni mali. Funika hiyo kioo."

Wakaifunika na kitambaa cha meza. Mama akaulizwa alama. Dume? Hana, mzima kabisa. Mtoto? Mwekundu, madoa meupe. "Rangi si alama," mwenye bucha akasema, "rangi ni nguo. Jike?"

Mama akafikiri. "Jike... ako na pengo. Shavu la kushoto. Huyu mzee mwenyewe alinionyesha."

Wakafunua. Tukangoja, kwa sababu samaki naye hakuwa na haraka ya kwenda mahakamani. Alipogeuka, pengo lilikuwa hapo, kwenye shavu la kushoto la dume, nyuma yake mkanda wa kijani unang'aa. Mwenye bucha akachungulia yule wa pili. Karibu na mkia kulibaki kidoa kimoja cheupe, hafifu, kama mtu aliyehama nyumba akasahau kufuli.

"Wamepanda rika," nikasema. "Mzee amekufa, aliyekuwa chini amekuwa mzee, layoni, yule mvulana asiyetahiriwa, amekuwa mtu mzima. Kwetu hata nguo hubadilishwa."

Kesho yake mwalimu mmoja wa sekondari alituletea kitabu. Akasema ukoo huu ni mkubwa, binamu zake ni wale pono wa pwani, na ndani yake wengi huanza maisha wakiwa majike, dume akiondoka jike mkubwa anashika nafasi. Akasema hata wasomi walidanganyika: mtoto walimpa jina lake, mkubwa jina lake, wakadhani ni aina tofauti, mpaka mtu akakaa akawatazama wakikua. Nikafurahi. Kumbe na wao walihesabu nguo.

Lakini hiyo ilikuwa kesho. Siku ile mama alikikunja kitambaa, akakirudisha mezani. Halafu akanigeukia.

"Kwa hivyo kifuniko uliacha wazi."

"Niliacha, mama."

"Na miezi yote hii umenyamaza."

"Nimenyamaza."

"Basi wewe si mwizi," akasema. "Wewe ni mzembe. Rudi getini."

Sijawahi kutukanwa nikashukuru hivyo. Nikarudi getini, nikapita nyuma ya bucha, nikachagua jiwe zito, na nikaja kuliweka juu ya kifuniko. Paka alikuwa amekaa chini ya meza akitutazama, mimi na jiwe langu.