Simu ya Kujipigia

Juzi hapa Kisumu mjini, bwana mmoja mwenye simu ya mkononi kiunoni alipanga foleni ya kibanda cha simu pamoja nasi makabwela. Zamu yake ilipofika alibonyeza namba, na simu ya kiunoni ikalia. Akaipokea kwa mkono wa pili, akapaza sauti: "Halo, Mkurugenzi! Nipo, nipo!"

Mama aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega. "Baba, ukimaliza kuongea na wewe mwenyewe, nipishe. Niko na maiti mochari, na chifu kule Asembo Bay anangojea simu yangu ndio watu wachimbe kaburi."

Bwana akamwonyesha kidole kimoja: asubiri, Mkurugenzi bado anaongea.

Wataalamu wanatuahidi simu zitakazorusha hata picha hewani, kufumba na kufumbua. Hongera zao. Bwana yule atajipiga picha, ajitumie, kisha ajijibu kwamba amependeza. Mama atakuwa bado kwenye foleni.