Niliwaambia musimupigie shefu wangu

Leo musiniambie nitulie!

Mi sikuomba kazi. Ni batu ba ONG moja, shirika la misaada la hapa Baraka, balinitafuta benyewe: "Mama, tunakutaka wewe."

Nikabaambia jambo moja tu: musimupigie shefu wangu.

"Hakuna shida, mama."

Asubuhi nafika ku bureau, shefu ananiangalia: "Kumbe unatukimbia?"

Bamemupigia! Eti banaulizia tabia yangu. Aibu ile, wee acha tu.

Mchana balebale bananipigia.
"Mama, utusamehe, tumeshapata mutu."
Nikabauliza: nani?
"Shefu wako. Tulipomupigia juu yako, akasema yeye mwenyewe iko tayari."

Na sasa hivi shefu amenituma nipange sherehe yake ya kuaga. Anataka nimupikie sombe, yale majani ya muhogo.

Jameni, chumvi nitie kilo ngapi?