Oke ya Aziza

Leo asubuhi nilituma mujukuu wangu aniletee chumvi toka soko ya Makiso. Akanijibu katika simu: ok. Herufi mbili tu! Nikacheka peke yangu jikoni. Rafiki yangu, ungejua ile neno ilikuwa na nguvu gani wakati wa Zaire!

Papa yangu alikuwa kapita, msimamizi wa wapakizi bandarini. Mzigo haukuinuka mpaka yeye ainue kidole gumba na kupiga kelele: Okeee! Akiivuta ile neno, kamba ya winchi inaenda pole. Akiikata, oke!, kila kitu kinasimama. Mimi na dada yangu Aziza tulimupelekea lituma, ndizi ya kutwanga, na samaki ya moshi, tukarudi tukiimba ile oke njia nzima. Mama naye aliisema ndizi zikishalainika katika kinu. Ile neno ilitoka wapi? Papa alisema kwa makapiteni wa meli wa zamani. Jirani wetu wa Maniema aliapa ni ya Mugreki wa duka. Hakuna aliyeshinda.

Bon. Siku moja watu wa Isangi wakakuja kumuposa Aziza, na mbuzi, na vitambaa. Kwetu papa hagusi mali mpaka binti aulizwe mbele ya wote. Akinyamaza, wageni wanarudi na mali yao. Na mashua yao ilikuwa imeanza kupiga honi!

— Aziza, tupokee? shangazi akauliza.

Kimya. Nilijua anamupenda Lokwa, kijana waliyemuposea, aliniambia mwenyewe, lakini mbele ya wote aliona haya. Nikamufinya mgongoni. Honi ikalia tena. Mzee wa Isangi akashika kamba ya mbuzi, akasimama.

Hapo Aziza akaruka, kidole gumba juu:

— Okeee!

Hata mbuzi ikashtuka.

— We mutoto! shangazi akafoka. Ile ni neno ya magunia! Unaolewa kama gunia ya muchele?

— Dada, papa akasema, mimi niko kapita. Nikishasema oke, umeona nani anarudisha mzigo chini? Leta mbuzi!

Vigelegele! Wageni walikimbia bandarini na lituma katika majani, wakitafuna njiani.

Leo Aziza na Lokwa wamelala makaburini kule Isangi, kando kwa kando. Winchi za bandari zimekula kutu, na hakuna mutu anaulizwa kitu akajibu kwa kifua chote.

Mujukuu alipofika na chumvi, nikamuambia airudie ile ok na mdomo, na kidole. Akaisema kama anakohoa. Basi nikasimama, nikamuonyesha.

Kule nje, mbuzi ya jirani ikashtuka.