Nguo Zilizokunjwa Jakobsberg

Ofisi za Stockholm zinalipenda neno ushirikiano kupita kiasi. Nimelitafsiri mpaka ulimi umeota sugu. Polisi wanashirikiana na mwendesha mashtaka, mwendesha mashtaka na mahakama, wote hao na soshalen, yaani watu wa ustawi wa jamii, na kila wakishirikiana kuna kahawa na maandazi ya mdalasini. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili, mtu wa Tanga niliyeishia Akalla, pembezoni mwa jiji, na maandazi hayo nimeyala karibu ofisi zote. Kuambiana mambo ndiko sijakuona sana. Kila ofisi ina faili lake, na faili halitoki mlangoni bila mwenye kesi kuweka sahihi, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kumpa kalamu.

Basi nikapata kazi ya mama mmoja Mkongo, mzaliwa wa Uvira, anayeishi Jakobsberg na wanawe wawili. Mumewe alikuwa amempiga, akafungwa, akatoka, wakaachana. Ila kuachana kulikuwa kwa mama tu, bwana yeye hakuwa na habari. Alikuwa akimfuatafuata. Mama alitaka kitu kimoja tu duniani: amri ya kumkataza yule bwana kumsogelea.

Wakalimani wanaokielewa Kiswahili cha Kongo hapa mjini ni wa kutafuta kwa tochi. Mimi nilikijulia misibani kwao, kwa kuchekwa sana. Kwa hiyo kila mama alipoitwa, niliitwa mimi: kwa polisi, kwa mwendesha mashtaka, kwa wakili wake, kwa soshalen. Miezi saba. Na kila mara nilianza na wimbo wangu uleule, kwamba natafsiri yote yanayosemwa, siongezi, sipunguzi, na siri ya chumba hiki inabaki chumbani humu. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa huku akitafuta miwani kwenye mkoba. Wenye ofisi nao walikuwa wanatazama saa.

Ile habari yenyewe aliisema soshalen. Kwenye majengo yetu chumba cha kufulia ni cha wapangaji wote, unaweka zamu yako ubaoni, na zamu ya mama ilikuwa Jumanne asubuhi tangu siku walipohamia. Bwana aliijua. Jumanne tatu mfululizo mama alishuka kutoa nguo akamkuta amekaa kwenye benchi, keshazitoa mwenyewe kwenye mashine, anazikunja. Za watoto, za mama, mpaka za ndani. Alikuwa anazipanga vizuri kikapuni, anainuka, anaondoka bila kusema neno. Afisa wa soshalen aliandika yote, akamuuliza mama kama angependa maji ya kunywa.

Polisi hawakuisikia hiyo. Wao waliuliza kama bwana amempiga tena au kumtishia, na mama, mtu mkweli wa watu, akajibu hapana. Mwendesha mashtaka akasoma karatasi za polisi, akaona hakuna jipya, akakataa kutoa amri. Wakili akasema bado kuna nafasi moja, mahakama iangalie upya. Wakili naye habari ya nguo hakuwa nayo.

Niliyekuwa nayo ni mimi. Mimi, mla maandazi! Usiniulize kwa nini sikumnong'oneza mama kwenye lifti. Mkalimani akianza kumpangia mtu la kusema, kibali chake kimekwenda na kesi ya mtu imekwenda nacho. Nilijiambia ataisema tu mwenyewe, nani anasahau kitu kama kile? Nikajikaza kisabuni.

Siku ya mahakama bwana alikaa ng'ambo ya meza, suti ya kanisani, mikono juu ya mapaja, mpole kweli. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua. Akamuuliza mama nini kimetokea tangu bwana atoke gerezani. Mama akasema anapitapita karibu na nyumba, anapiga simu. Hakimu akauliza kama kuna lingine. Mama akageuza kiti chote kunielekea mimi.

"Si ulikuwaka pale, dada? Ubaambie ile ya nguo."

Kwa kuwa kazi yangu ni kutafsiri yote, nikatafsiri yote, kwa Kiswidi safi, nikimtazama hakimu: si ulikuwepo pale, dada, waambie ile ya nguo. Nikaongeza kwamba maneno hayo mama ameniambia mimi. Wakili akainua uso kutoka kwenye karatasi zake. Hakimu akauliza nguo gani.

Mama hakumtazama hakimu. Alikuwa ananitazama mimi, na nikaona uso wake unasawijika.

"Haujabaambia?"

Na hilo nikalitafsiri. Hujawaambia. Nilijichukia.

Ndipo nikaelewa alivyokuwa akifikiri muda wote ule. Kwao, kama kwetu, huendi kituo cha polisi peke yako. Unakwenda na mtu, na mtu huyo ndiye anayejua kuongea na wakubwa, ndiye anayekusemea. Serikali ilimpa mtu, mtu akatokea kila mlango kwa miezi saba, mama angedhani nini? Alikuwa akinipa mambo yake niyapeleke mbele, na mimi nilikuwa nikiyafungia.

Alisimulia, kwa sauti ya chini, Jumanne moja baada ya nyingine. Nilimfuata neno kwa neno. Alipofika kwenye nguo za ndani, bwana aliitoa mikono mapajani akaificha chini ya meza, na hakimu alimwona.

Amri ilitoka mchana uleule. Wakili alifurahi, akasema ingefaa ofisi zote hizi zikae kikao cha ushirikiano. Nilitaka kumtukana, basi tu.

Mama alinikuta kwenye korido nikivaa koti. Nilimpa hongera. Nikaanza kumweleza sheria ya kazi yangu, kwamba siruhusiwi, kwamba ndivyo nilivyokuwa nikisema kila siku mwanzoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, mkoba mikononi.

"Nilikuwa nafikiri tuko babili, mimi na wewe, dada," akasema, akafuata njia ya kwenda kwenye treni.